Kupoza kompyuta ya mezani kwa maji katika joto la Dar es Salaam: mzunguko wa kujijengea unafaa?

Mchora Majengo (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za majukumu.

Kazi yangu ni kuchora majengo na kuyatengenezea picha na video fupi ambazo mteja huziona kabla msingi haujachimbwa. Kompyuta ninayoitumia niliiunga mwenyewe: prosesa ni Ryzen 9 5950X, inayopozwa na chombo cha hewa chenye minara miwili, na kadi ya picha ni RTX 3090 yenye memori ya GB 24, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kwa kazi za mchana sina malalamiko. Shida hujitokeza usiku ninapoiachia Blender, programu ya kutengeneza picha za pande tatu, irende (yaani itengeneze) fremu za video mfululizo hadi asubuhi, hasa kati ya Desemba na Machi, wakati ambapo chumba kilichofungwa bila kiyoyozi hufika nyuzi 32. Programu ya HWiNFO huonyesha chipu ya kadi ikiwa kwenye nyuzi 79 hadi 82, kiwango ambacho hakinitishi, lakini mstari wa joto la memori hupanda hadi nyuzi 110 na kukaa hapo hapo, na kuanzia wakati huo kasi ya kadi huanza kushuka. Feni nazo huvuma kiasi kwamba aliyelala chumba cha pili hulalamika.

Ninafikiria kufunga mzunguko wa maji wa kujijengea, wenye pampu, tangi, rejeta (ya kupozea maji kwa feni) na bloku (vipande vya chuma vinavyopitisha maji juu ya chipu) za prosesa na kadi, badala ya vile vifaa vinavyouzwa vikiwa vimejazwa na kufungwa kiwandani. Kasha langu lina nafasi ya rejeta mbili za mm 360, moja juu na moja pembeni. Kabla sijatuma fedha nje ya nchi ningependa kujua kama maji yatasaidia kweli katika chumba chenye joto kama hili, kama unyevu wa pwani hautafanya mabomba yatoe jasho na kudondoshea maji kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, na kama maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanafaa kujazwa humo. Kiyoyozi ninacho, cha BTU 9,000 (kipimo cha uwezo wa kupoza), ila kukiwasha usiku kucha kwa ajili ya kompyuta ni gharama nisiyoweza kuihimili kila mwezi.

Fundi Mitambo (Morogoro)

Mkuu, umekuja na vipimo, na hilo linarahisisha mazungumzo. Nianze na lile ambalo wauzaji hawapendi kulisema: mzunguko wa maji hauwezi kushusha joto la kifaa chochote chini ya joto la chumba, kwa sababu mwisho wa safari ni hewa ile ile inayopita kwenye mapezi ya rejeta. Maji hubeba joto tu, kutoka kwenye chipu ndogo hadi kwenye eneo kubwa ambako hewa inaweza kulichukua polepole bila feni kukimbia sana. Kwa hiyo kiasi cha umeme unaotumika hakibadiliki, na chumba chako kitapata joto kama kawaida. Kadi yako huvuta wati 350 na prosesa hiyo huruhusiwa kufika wati 142, jumla karibu wati 500, na zote huishia chumbani hata ukipoza kwa kitu gani. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kina uwezo wa kuondoa wastani wa wati 2,600, maana yake kompyuta peke yake inakula karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wake kila inaporenda.

Sasa tuangalie utapata nini. Kanuni ya mkono inayotumiwa na wajenzi wengi ni kwamba kila sehemu ya rejeta inayobeba feni moja ya mm 120 huondoa takriban wati 100 huku feni zikizunguka kwa utulivu na maji yakiwa nyuzi 10 hivi juu ya hewa inayoingia. Kwa wati 500 unahitaji sehemu tano, na wewe una nafasi ya sita, hivyo umo ndani ya kipimo kwa nafasi kidogo. Chumba kikiwa nyuzi 32, maji yatatulia karibu na 42, na chipu ya kadi chini ya bloku nzuri itakaa katika nyuzi hamsini na kitu hadi sitini. Hapo umeshusha nyuzi 20 na zaidi, tena bila kelele. Kwa upande wa prosesa mambo ni tofauti: joto la 5950X hutoka kwenye vipande vidogo sana vya silikoni, na kikwazo kiko hapo kwenye kipande chenyewe kabla joto halijafika kwenye maji, kwa hiyo dhidi ya mnara mzuri wa hewa utapata nafuu ya nyuzi chache tu. Ningekuwa wewe, ningeiacha prosesa na mnara wake na kuingiza kadi pekee kwenye mzunguko. Utapunguza fitingi (viungo vya mabomba), utapunguza sehemu za kuvujia, na rejeta zote mbili zitaihudumia kadi peke yake.

Kuna jambo moja kuhusu kadi yako ambalo ni lazima ulielewe kabla hujanunua bloku. RTX 3090 ina chipu 24 za memori za GB 1 kila moja, na nusu yake, yaani chipu 12, ziko upande wa nyuma wa ubao. Bloku ya kawaida ya maji hufunika upande wa mbele: chipu kuu, memori za mbele na sehemu za kudhibiti umeme. Zile za nyuma hubaki zikitegemea bamba la nyuma na pedi za joto (vipande laini vinavyopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye bamba), na kwa kadi iliyotumika ni rahisi sana kwamba hizo ndizo zinazogonga nyuzi 110. Ukifunga bloku ya mbele peke yake unaweza kuona chipu kuu ikishuka hadi 55 huku mstari wa memori ukipungua kidogo tu, ukajiuliza fedha imekwenda wapi. Tafuta bloku iliyo na bamba la nyuma linalopitisha maji, au angalau weka bamba nene la nyuma lenye mapezi na uelekeze feni moja ya mm 120 juu yake. Hakikisha pia kwamba bloku ni ya ubao wa kadi yako hasa, kwa sababu watengenezaji wa kadi hubadilisha mpangilio wa sehemu, na bloku ya kadi ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye ya kampuni nyingine ingawa zote zinaitwa 3090.

Kuhusu jasho la mabomba, ondoa wasiwasi. Mvuke hugeuka matone pale unapokutana na kitu chenye ubaridi kuliko hewa, na maji yako siku zote yatakuwa na joto kuliko chumba. Hofu hiyo ni ya wale wanaotumia mashine za kugandisha ili washushe joto chini ya lile la chumba.

Mzee wa Kilindini (Mombasa)

Nakubaliana na ndugu wa Morogoro kwa hesabu zake, nami niongeze yale ya maji na madini, kwa kuwa mzunguko wangu umekaa hapa ufuoni kwa muda mrefu na hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa.

Swali la maji ya betri ni zito kuliko linavyoonekana. Chupa mbili tofauti huuzwa kwenye rafu moja: moja ni maji yaliyoondolewa madini, ya kujazia betri iliyopungua, na nyingine ni asidi ya kuanzishia betri mpya. Watu dukani huziita zote kwa jina lilelile, na nimeona chupa zenye umbo na rangi moja ambazo tofauti yake ilikuwa ni karatasi iliyobanduka nusu. Asidi ya salfa ikiingia kwenye bloku ya shaba utakuwa umejipikia balaa. Ikiwa huna njia nyingine, iweke chupa kwenye mizani ya duka: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ilhali lita ya asidi ya betri huzidi kidogo kilo moja na robo, yaani gramu 1,280 hivi. Hata hivyo, mimi hununua maji yaliyotoneshwa kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya maabara, ambayo bei yake si kubwa, na moyo unatulia.

Maji matupu hayatoshi. Lazima yawe na dawa ya kuzuia mwani na dawa ya kuzuia kutu, la sivyo baada ya miezi michache utaona utando wa kijani ukishika kwenye mapezi membamba ya bloku, hasa kama kasha lako lina kioo na linapata mwanga wa dirishani. Rahisi zaidi ni kununua kulanti (kimiminika cha kupozea) ya kompyuta iliyokolezwa na kuichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Chukua iliyo angavu. Zile nzito za rangi ya maziwa zinapendeza kwenye picha, lakini chembe zake hutuama, na mapezi ya bloku yameachana kwa sehemu ndogo ya milimita. Maji ya bomba na yale ya kunywa ya chupa yasiguse mzunguko wako. Chumvi iliyomo hubaki ndani.

La pili ni madini. Bloku nzuri ni za shaba, mara nyingi zikiwa zimepakwa nikeli, na rejeta nzuri zina njia za shaba nyekundu na vichwa vya shaba njano. Kwenye masoko ya mtandaoni utakutana na rejeta za mm 360 kwa bei ya kutupa, na ukisoma maelezo yake kwa makini utakuta ni alumini. Alumini na shaba zikikutana ndani ya maji yale yale zinakuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa: kwanza utaona unga mweupe kwenye tangi, kisha matundu. Dawa ya kutu huchelewesha jambo hilo tu. Soma maelezo ya kila kipande, hata fitingi, kabla ya kulipa.

Kwa mabomba, achana na yale magumu ya kukunja kwa moto. Yale ya plastiki ya PETG hulegea yanapokaribia nyuzi 60, na katika chumba cha nyuzi 32, feni za rejeta zikisimama usiku bila wewe kujua, maji yanaweza kufika huko. Chukua mpira mweusi wa EPDM, wa aina inayotumika pia kwenye magari, wenye kipenyo cha ndani cha mm 10 na cha nje mm 16, pamoja na fitingi za kubana zenye uzi wa G1/4, kipimo cha kawaida kwenye vifaa hivi. Haupendezi machoni, lakini hautoi mafuta ndani ya maji kama mipira ya plastiki angavu, na unavumilia. Na ukisafisha tangi la akriliki usitumie spiriti, kwa kuwa akriliki hupasuka nyufa ndogo ndogo ikiguswa na alkoholi.

Hewa ya chumvi nayo usiidharau. Haiingii ndani ya mzunguko, ila hushika kwenye mapezi ya rejeta pamoja na vumbi na kuyafanya yawe na tabaka la kunata. Chagua rejeta yenye mapezi yaliyoachana, ambayo ni rahisi kupuliza na haihitaji feni za kasi, na weka chujio mbele ya kila feni inayovuta hewa ndani.

Bajeti Kwanza (Dodoma)

Samahani wakuu kwa kuingilia. Mzunguko mnaouzungumzia, kwa vifaa vyenye ubora, hupita dola 500 kwa urahisi kabla ya usafiri na ushuru, na mwenzetu hajajaribu yale yasiyo na gharama. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika nvidia-smi -pl 280, na kadi itazuiwa kuvuta zaidi ya wati 280. Kasi ya kurenda itapungua kwa asilimia chache, wala si kwa uwiano wa umeme uliokatwa, kwa sababu kadi hizi husukumwa kupita kiwango chake cha ufanisi zikiwa kiwandani. Amri hiyo hufutika ukizima mashine, kwa hiyo iweke kwenye orodha ya programu zinazojiwasha.

Halafu ifungue kadi, ubadilishe pedi za joto. Kadi iliyotumika huenda ilikaa kwenye kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali, usiku na mchana, na pedi zake zimekauka. Zingatia unene wa kila pedi kama ulivyoandikwa kwa kadi hiyo: ukiweka nene kupita kiasi, bamba litainuka na chipu kuu itakosa mguso, ukiweka nyembamba, memori haitagusa kitu. Mimi ningefanya hayo mawili, na feni moja juu ya bamba la nyuma, halafu ningeangalia tena HWiNFO.

Fundi Mitambo (Morogoro)

Sina ubishi na Bajeti Kwanza. Pedi zitabadilishwa hata akifunga bloku, kwa hiyo kuifungua kadi sasa hakumpotezei chochote, na kikomo cha wati 280 kitasaidia hata ndani ya maji. Pale ninapotofautiana naye ni kwenye kelele: feni za kadi haziwezi kuondoa joto hilo kwa utulivu kwenye hewa ya nyuzi 32, hata ukipunguza umeme, na muuliza swali ametaja mtu anayelala chumba cha pili.

Mchora Majengo (Dar es Salaam)

Nashukuruni sana. Nimeweka kikomo cha wati 280 na kupachika feni juu ya bamba la nyuma, na memori imeshuka hadi nyuzi 98 katika chumba kile kile, ingawa kelele haijapungua kwa kiwango nilichotarajia. Pedi nimeziagiza. Nimeamua kuendelea na mzunguko kwa ajili ya kadi pekee, prosesa ibaki na mnara wake, bloku iwe na bamba la nyuma la maji, na rejeta mbili za shaba. Kilichobaki kunitia hofu ni siku ya kujaza maji. Naomba maelezo ya kupima uvujaji bila kuweka madabodi hatarini, na pampu ya D5 niliyoichagua ichukue umeme wapi.

Fundi Mitambo (Morogoro)

Nianze na umeme. D5 ikiwa kwenye kasi ya juu huvuta wati zaidi ya 20, na soketi ya feni kwenye madabodi kwa kawaida hustahimili ampea 1, yaani wati 12. Kwa hiyo pampu hupata umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kupitia waya wake wa SATA au Molex, na ule waya mwembamba wa kudhibiti kasi ndio unaokwenda kwenye madabodi. Kwa kuwa umeamua prosesa ibaki na feni zake, hamishia feni hizo kwenye soketi nyingine na waya wa pampu uuweke kwenye soketi ya CPU_FAN, ile iliyotengwa kwa feni ya prosesa. Madabodi nyingi hutoa onyo na kukataa kuendelea pale ambapo soketi hiyo haipokei taarifa kwamba feni au pampu inazunguka, na hivyo pampu ikifa utajua asubuhi unapoiwasha mashine. Feni za rejeta nazo ziendeshwe kwa kipimo cha joto la maji kama madabodi yako ina soketi ya kipimo cha pini mbili. Zikifuata joto la prosesa zitapanda na kushuka kila unapofungua faili.

Kabla ya kufunga chochote, osha rejeta. Hutoka kiwandani zikiwa na mabaki ya risasi ya kulehemu na uchafu wake. Jaza maji yaliyotoneshwa ya moto nusu ya rejeta, ziba, tikisa kwa nguvu, mwaga kwenye beseni jeupe, na urudie hadi beseni lisionyeshe chembe.

Mtangulizi wa maji ni hewa. Nunua pampu ndogo ya mkono yenye geji na uzi wa G1/4, uifunge kwenye tundu la tangi, upandishe mgandamizo hadi bari 0.5, au chini ya hapo kama mtengenezaji wa tangi ameweka kikomo kidogo zaidi. Acha nusu saa. Sindano ya geji ikishuka, unalo tundu, na utalitafuta kwa kukaza fitingi moja baada ya nyingine bila tone la maji kumwagika. Angalizo ambalo watu husahau: usiwashe kiyoyozi katikati ya kipimo hicho. Hewa iliyofungwa ikipoa kwa nyuzi 5 hupoteza karibu bari 0.025, na unaweza kufungua mzunguko mzima kutafuta tundu ambalo halipo.

Geji ikitulia, endelea na maji. Chomoa nyaya zote za pawasaplai kutoka kwenye madabodi, prosesa, kadi na diski, ubakishe ule wa pampu tu. Kisha unganisha tundu la 16 na la 17 kwenye plagi kubwa ya pini 24 kwa kile kiziba kidogo cha daraja kinachouzwa kwa kazi hiyo. Kwa pawasaplai zenye nyaya za rangi, ni kijani na cheusi. Sasa swichi ya nyuma ya pawasaplai ndiyo inayowasha pampu. Jaza tangi, washa kwa sekunde chache, zima kabla pampu haijavuta hewa, ongeza maji, washa tena. Pampu isizunguke ikiwa kavu hata kidogo, kwa kuwa maji ndiyo yanayolainisha na kupoza beringi yake. Weka karatasi nyeupe za jikoni chini ya kila fitingi, maana tone dogo huonekana upesi juu ya karatasi kuliko juu ya chuma.

Mzunguko ukishajaa, inamisha kasha mbele, nyuma na pembeni huku pampu ikifanya kazi, ili mapovu yaliyonaswa kwenye rejeta ya juu yapande hadi tangini. Iache pampu peke yake izunguke kwa saa kadhaa, ukague karatasi, ndipo urudishe nyaya za vifaa vingine. Usisahau kuweka koki ya kumwagia sehemu ya chini kabisa ya mzunguko, kwa kiungo cha njia tatu, na uigeuzie upande ambao chombo kinaweza kuingia bila kulaza kasha. Mpangilio wa nani kwanza kati ya rejeta na bloku haukusumbui: kwa lita tatu kwa dakika, maji yanayotoka kwenye kadi ya wati 280 yamepanda nyuzi 1.3 tu kuliko yalipoingia, kwa hiyo fuata njia inayokupa mipira mifupi na mikunjo michache.

Mzee wa Kilindini (Mombasa)

Na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za akiba uagize pamoja na fitingi, kwenye kifurushi kile kile. Moja ikikunjika unapokaza, duka la karibu litakupa ya bomba la sinki, ambayo unene wake si huo.